Dawa Mpya ya Himofilia Ipimwe kwa Goti la Mtoto

Goti la mtoto mwenye himofilia kali huvuja damu kwa ndani hata kama hakuanguka wala kupigwa. Anaamka asubuhi akihisi mnyeo na joto kidogo kwenye kiungo. Ikifika saa nne ngozi imevimba na kung'aa, naye amekunja mguu kwa sababu akiunyoosha maumivu yanazidi. Jioni hawezi kukanyaga. Baada ya siku kadhaa uvimbe hupungua, lakini madini ya chuma yaliyomo kwenye damu hiyo hubaki ndani yakiila gegedu, na kiungo kilichovuja mara moja huwa rahisi kuvuja tena. Mtoto asiyetibiwa huweza kufika darasa la saba akiwa na goti lisilonyooka, akitembelea magongo. Ninaanza na goti kwa sababu habari za dawa mpya za ugonjwa huu huanzia kwingine kabisa: kibali kilichotolewa Marekani, bei iliyovunja rekodi, matumaini ya kupona moja kwa moja. Kwangu mimi, swali la kwanza la kuiuliza dawa yoyote mpya ya himofilia ni hili: inamdai nini mgonjwa kabla haijamsaidia? Inadai mishipa inayoonekana? Friji? Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa kila juma? Kipimo ambacho mkoa wake hauna? Mzigo huo ni sehemu ya nguvu ya dawa, na wanaouona vizuri zaidi ni madaktari na wagonjwa wa nchi kama zetu. Ndiyo maana naamini kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zinapaswa kuwa ndani ya kazi ya kuzitengeneza na kuzijaribu dawa hizi, badala ya kukaa mwisho wa foleni zikisubiri kitakachobaki.

Himofilia ni upungufu wa kuzaliwa nao wa protini moja kati ya zile zinazogandisha damu, ambazo madaktari huziita fakta na kuzipa namba. Anayepungukiwa fakta ya 8 ana himofilia A, na anayepungukiwa ya 9 ana himofilia B. Jeni zinazohusika zimo kwenye kromosomu X. Kwa hiyo mama anaweza kuibeba hitilafu hiyo bila yeye kuumwa sana, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa akawa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuzaliwa na ugonjwa. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua, kwa kuwa hitilafu yenyewe ni mpya katika ukoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia rejista za nchi zenye kumbukumbu nzuri, ulikadiria kwamba katika kila watoto wa kiume 100,000 wanaozaliwa, wapatao 30 wana himofilia, na kwamba duniani kuna wanaume zaidi ya milioni 1.1 wenye ugonjwa huu, karibu mara 3 ya makadirio ya zamani ya 400,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wanaume milioni 30 Tanzania. Kama wenye himofilia kati yao wangekuwa wanatambuliwa na kuishi kama wenzao wa nchi zile, tungekuwa na wagonjwa wapatao 6,000. Walioandikwa kwenye vitabu vya kliniki ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Wengine wapo vijijini, wanajulikana tu kuwa ni walemavu wa miguu. Wengine hawapo tena: walitokwa damu siku ya tohara, au baada ya kung'olewa jino, au walijigonga kichwa na damu ikavujia kwenye ubongo, na ndugu wakabaki wakitafuta nani kawaroga.

Historia ya tiba yenyewe inaniunga mkono, ingawa ina sura moja inayonikosoa. Mwaka 1958, mjini Malmö, Sweden, daktari Inga Marie Nilsson alianza kuwapa watoto fakta kabla hawajavuja damu. Wazo lilitokana na jambo aliloliona kliniki: wagonjwa wenye angalau asilimia 1 hadi 5 ya fakta ya kawaida hawakuwa wakipata vilema vya viungo kama wale waliokuwa hawana kabisa. Maana yake ni kwamba mtoto hahitaji kufikishwa kwenye hali ya mtu mzima wa afya. Inatosha kumvusha juu ya mstari ule mdogo na kumweka hapo. Miaka michache baadaye, mwaka 1964, Judith Graham Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba plazma iliyogandishwa, ikiyeyushwa polepole kwenye baridi, huacha mashapo meupe chini ya mfuko, na kwamba mashapo hayo yamejaa fakta ya 8. Benki ya damu yenye friza na mashine ya kuzungushia damu iliweza kuyatoa yenyewe. Krayo hiyo, kama wanavyoiita watu wa maabara, bado inaokoa watu leo katika hospitali ambazo hazina kitu kingine. Ugunduzi mkubwa ulikuwa ule ambao hospitali ya kawaida iliweza kuutumia.

Sura inayonikosoa ni ile iliyofuata. Viwanda vilichukua plazma ya maelfu ya watu, vikaichanganya pamoja na kutoa unga wa fakta ambao mgonjwa aliweza kuuweka nyumbani na kujidunga mwenyewe. Kwa kipimo changu cha mzigo, hiyo ilikuwa dawa bora kuliko zote zilizotangulia: hakuna safari, hakuna kulazwa. Lakini mchangiaji mmoja mwenye virusi alitosha kuuchafua mchanganyiko wote. Ripoti ya uchunguzi wa damu iliyochafuliwa nchini Uingereza, iliyotolewa Mei 2024, inaeleza kwamba watu wapatao 1,250 wenye magonjwa ya kutokwa damu waliambukizwa Virusi vya Ukimwi nchini humo, wakiwamo watoto wapatao 380, na kwamba takribani robo tatu ya watu hao wamekwisha kufa. Dalili za hatari zilikuwapo mapema, na waliopaswa kuzifanyia kazi walichelewa. Kwa hiyo sisemi kwamba wepesi wa kutumia dawa unatosha. Nasema kwamba mzigo anaobebeshwa mgonjwa ni pamoja na hatari asiyoambiwa, na kwamba dawa nyepesi ambayo hakuna anayefuatilia madhara yake ni nzito kuliko inavyoonekana.

Fakta inayotengenezwa kwa teknolojia ya jeni, isiyotolewa kwenye plazma ya watu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 na kuondoa hofu hiyo ya virusi. Hata hivyo ilibaki na udhaifu wake wa asili: nusu ya fakta ya 8 iliyodungwa huwa imekwisha mwilini kwa takribani saa 12. Kinga ya kweli ikawa ni sindano ya mshipa kila baada ya siku 2 au 3, maisha yote. Fikiria maana yake kwa mama mwenye mtoto wa miaka 2. Anatia maji kwenye kichupa cha unga, anakiviringisha taratibu kati ya viganja bila kukitikisa ili kisitoe povu, anavuta dawa kwenye bomba la sindano, kisha anautafuta mshipa mwembamba kama uzi kwenye mgongo wa mkono wa mtoto anayelia na kujirusha. Akikosa, anahamia mkono wa pili. Keshokutwa anarudia. Na baada ya taabu yote hiyo, takribani wagonjwa 3 katika kila 10 wenye himofilia A kali hujenga kingamwili zinazoiharibu fakta yenyewe, zinazoitwa inhibita, na tiba waliyoizoea haiwashiki tena.

Hapo ndipo dawa ya emicizumab ilipoleta tofauti ya kweli. Watafiti wa kampuni ya Chugai ya Japani hawakujaribu kuiboresha fakta ya 8. Waliuliza fakta hiyo hufanya kazi gani, wakajibu kwamba huzishika fakta ya 9 na ya 10 na kuzisogeza karibu ili moja iiamshe nyingine. Wakatengeneza kingamwili yenye mikono miwili, mmoja wa kushika ya 9 na mwingine wa kushika ya 10. Kwa kuwa haifanani na fakta ya 8, inhibita haziitambui. Hudungwa chini ya ngozi kama insulini, na nusu yake hudumu mwilini kwa takribani wiki 4, hivyo mgonjwa hudungwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 2, au hata kwa wiki 4. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, wagonjwa wenye inhibita waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na matukio ya kuvuja damu kwa asilimia 87 wakilinganishwa na wasiopewa kinga. Kwa wasio na inhibita, mwaka uliofuata, upungufu ulikuwa asilimia 96. Marekani iliiidhinisha Novemba 2017. Haikuja bila hatari: wagonjwa kadhaa waliopewa pamoja nayo dozi kubwa za dawa nyingine ya kugandisha damu walipata mabonge ya damu kwenye mishipa, na kuna aliyefariki. Tena, kipimo cha kawaida cha muda wa kuganda kwa damu husoma "sawa" kwa anayetumia emicizumab hata kama hali yake si sawa, na fundi wa maabara asiyelijua hilo atampotosha daktari. Lakini ukilinganisha na kichupa, mshipa na keshokutwa, mzigo umeshuka mno. Fitusiran, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2025, imekwenda mbali zaidi: inafaa kwa himofilia A na B, kwa mwenye inhibita na asiye nazo, na wapo wanaohitaji sindano 6 tu kwa mwaka, ingawa nayo inadai kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu ya hatari ya mabonge.

Wakati huohuo vichwa vya habari vilikuwa kwenye tiba ya jeni. Mwaka 2011 madaktari wa London, wakishirikiana na hospitali ya St. Jude ya Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 6 wa himofilia B waliopewa jeni isiyo na hitilafu iliyobebwa na kirusi kisicho na madhara, na maini yao yakaanza kutengeneza fakta ya 9. Yalikuwa mafanikio makubwa ya sayansi, wala sitaki kuyapunguza. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha Hemgenix kwa bei ya dola milioni 3.5 kwa dozi moja ya maisha. Mwaka 2023 ikafuata Roctavian ya himofilia A kwa dola milioni 2.9, ambayo nguvu yake imeonekana kupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka 2024 Pfizer ikapata kibali cha dawa yake, Beqvez, na kabla ya mwaka kwisha vizuri ikatangaza, Februari 2025, kwamba inaiacha kwa sababu wagonjwa na madaktari hawakuonyesha hamu. Watu wengi wanaona bei ndiyo iliyoziangusha. Mimi naona mzigo pia. Tiba hizi hazipewi watoto, yaani wale hasa ambao magoti yao bado yanaweza kuokolewa. Zinadai ini lenye afya, na kwetu homa ya ini aina ya B imeenea. Nyingine humkataa aliyewahi kukutana na kirusi kinachobeba jeni. Zinadai vipimo vya ini kwa miezi, na pengine dawa za kushusha kinga ya mwili. Mgonjwa mwenye emicizumab kwenye friji yake anayapima hayo yote, anaamua kubaki alipo, na ana akili timamu.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mtu wa bajeti, na ni la haki. Atauliza: malaria, kifua kikuu na vifo vya wajawazito bado vipo, iweje tuzungumzie ugonjwa wa watu elfu chache? Jibu langu ni kwamba mgonjwa wa himofilia asiyetibiwa tayari anaigharimu nchi, ila gharama zake zimeandikwa mahali pengine. Anaonekana kwenye chupa za damu anazoongezewa, siku anazolazwa, mama aliyeacha biashara ili amuuguze, na kijana aliyeacha shule kwa sababu ya goti. Isitoshe, karibu kila kinachohitajika kumhudumia kinawahudumia wengine wengi zaidi. Maabara inayoweza kupima muda wa kuganda kwa damu humsaidia mzazi anayetokwa damu baada ya kujifungua. Benki ya damu inayoweza kutenga krayo humsaidia majeruhi wa bodaboda. Hakuna shilingi itakayotumika hapo ikaishia kwa wagonjwa 6,000 tu.

Pingamizi la pili ni bei, na hapa siwezi kusema kitu chepesi. Emicizumab ilipoingia sokoni Marekani ilitangazwa kwa takribani dola 482,000 kwa mwaka wa kwanza. Hakuna bima yetu inayoweza kuibeba bei ya namna hiyo. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Roche imekuwa ikitoa sehemu ya dawa hiyo bure kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani, na msaada wa shirikisho hilo ndio uliowasimamisha wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Ninaushukuru kwa dhati. Ila msaada una tabia moja inayonitisha: hauingii kwenye bajeti, kwa hiyo siku ukikatika hakuna fungu la kuuziba. Mtoto aliyekaa miaka 3 bila kuvuja damu, akicheza mpira na wenzake, akinyimwa dawa ghafla huvuja kama zamani, na safari hii katika mwili unaokimbia na kuruka. Nchi ikae mezani na kampuni ikiwa na kitu mkononi. Kenya, Uganda na Tanzania zikinunua pamoja ni soko la watu zaidi ya milioni 150. Na kipo kitu kingine cha kuweka mezani ambacho ni bora kuliko wingi wa watu: ushahidi juu ya dozi. Madaktari wa Thailand na India wamechapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa emicizumab kwa dozi ndogo kuliko ile ya kiwanda, na wengi wao wakaendelea kulindwa vizuri. Kwa kampuni, dozi ndogo ni mauzo madogo. Sitegemei ilifanye hilo kuwa kazi yake ya kwanza. Ni swali la Nilsson lilelile la mwaka 1958, kiasi gani kinatosha, na wenye haja ya jibu ni sisi.

Hapo huja pingamizi la tatu, linalogusa kidonda: je, hii si njia ya kuwafanya Waafrika kuwa wa kujaribiwa dawa? Hofu hiyo ina historia, na asiyeiheshimu hafai kusimamia utafiti. Lakini tuutazame ugonjwa jirani, selimundu. Dawa ya hydroxyurea ilikuwa ikitumika Marekani kwa miaka mingi, huku kwetu ikihofiwa kwamba huenda ingewazidishia watoto malaria na maambukizi mengine. Hofu hiyo haikuweza kumalizwa na jaribio la Boston wala London, ambako hakuna malaria. Ilimalizwa na majaribio yaliyofanyika Uganda, na kisha utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2018, ukiwa na watoto 606. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria ilipungua. Watoto wa Afrika walinyimwa dawa kwa miaka kwa sababu hawakuwa wamefanyiwa utafiti. Kutojaribiwa nako kuliua. Uwezo tunao: Bagamoyo na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya R21, na Muhimbili imewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004. Kamati za maadili zipo, na zina haki ya kudai kwamba mgonjwa aliyejitolea kwenye jaribio aendelee kupewa dawa hiyo jaribio likiisha. Mimi ningeliweka sharti hilo mbele ya yote. Hata tiba ya jeni yenyewe haijafungiwa kwa matajiri: hospitali ya Christian Medical College ya Vellore, India, ilichapisha Desemba 2024 matokeo ya wagonjwa 5 wa himofilia A waliotibiwa kwa kuziwekea jeni seli zao wenyewe za uboho, na wote wakaacha kuvuja damu katika muda waliofuatiliwa. Waliuliza swali la mgonjwa wao, wakatafuta njia isiyozuiwa na kingamwili za kirusi kile kinachotumika Ulaya.

Maswali yetu yapo mengi ya namna hiyo. Emicizumab huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa jumla ya siku 7, mradi joto lisipite nyuzi 30. Februari ya Dar es Salaam hupita hapo kabla ya adhuhuri. Je, inahitajika friji ya nyumbani, au dozi ya mwezi inaweza kuhifadhiwa kwenye jokofu la chanjo la zahanati, mama akaja na kadi siku ya kliniki na muuguzi akadunga? Zahanati zetu zimeshazoea kutunza baridi kwa ajili ya chanjo, na sindano ya chini ya ngozi ni kazi ya kila siku kwa muuguzi. Jaribio dogo la mikoa miwili lingejibu, na jibu lake lingefaa kutoka Kigoma hadi Kisangani.

Ila jaribio linahitaji wagonjwa wanaojulikana, na hili ndilo linaloniumiza kuliko bei. Kampuni ikija kesho na dawa ya bure kwa wote, wengi wa wale 6,000 hatujui wako wapi. Kipimo cha kwanza cha kuwatambua, cha muda wa kuganda kwa damu, kinahitaji mirija sahihi, vitendanishi vilivyotunzwa kwenye baridi, na fundi aliyefundishwa. Hakuna kati ya hivyo kinachoishinda hospitali ya rufaa ya mkoa. Na kabla ya kipimo kuna kitu kisichohitaji hata umeme. Kila mtoto wa kiume anayepelekwa tohara hospitalini hupitia mikononi mwa mtu mwenye daftari. Mtu huyo angeongeza swali moja kwa mama, mstari mmoja kwenye daftari lake: kaka zako, wajomba zako, au watoto wa dada zako, yupo aliyewahi kutokwa damu isiyokatika, au aliyekuwa akivimba magoti bila kuumia?